Stoofvlees na Chipsi za Kukaangwa Mara Mbili: Kupika Mlo wa Jumapili wa Kibelgiji

Ukitaja chakula cha Ubelgiji, wengi hukimbilia chokoleti na wafeli. Hivyo ni vitu vya kula njiani. Nyumbani, hasa kaskazini mwa nchi, upande wa Flanders wanakozungumza Kiholanzi, sufuria inayokaa jikoni Jumapili tangu asubuhi mara nyingi huwa ya stoofvlees: nyama ya ng'ombe iliyopikwa polepole ndani ya bia nyeusi, vitunguu vingi na mkate uliopakwa haradali. Ghent wanaiita stoverij. Wanaozungumza Kifaransa wanaiita carbonade flamande, na ng'ambo ya mpaka, kaskazini mwa Ufaransa, wanaipika na kuidai kuwa yao. Huliwa na chipsi, na chipsi haziji bila mayonezi.

Vipimo vya hapa ni vya watu wanne hadi watano. Kama mnakula saa saba mchana, nyama iwe motoni saa tatu asubuhi. Saa tano umeshachelewa. Njia iliyo bora zaidi ni kuipika Jumamosi jioni, ilale, kisha ipashwe moto kesho yake. Mchuzi huo ukilala usiku mmoja hukolea kuliko ulivyoepuliwa.

Buchani

Mwambie muuza nyama hutaki fileti. Nyama laini ikikaa motoni saa tatu hukauka na kuchambuka nyuzinyuzi zisizo na ladha. Unataka nyama ya kiungo kilichofanya kazi: shingo, bega, muundi, au mashavu ya ng'ombe, ambayo wapishi wengi wa Kibelgiji huyaweka mbele ya vyote. Zile tando nyeupe na mishipa unayoikwepa kila siku ndizo utajiri wa chakula hiki. Ndani yake kuna kolajeni, na kolajeni ikipikwa muda mrefu kwa moto mdogo huyeyuka ikawa jelatini. Ndiyo inayoupa mchuzi uzito na kuufanya unate midomoni. Usiiondoe. Ondoa tu mabonge makubwa ya mafuta, nayo usiyatupe, yatatumika kwenye chipsi.

Ghent wapo wanaoongeza vipande vya ini au figo ili mchuzi uwe mzito na mkali zaidi. Ukipenda vya ndani, jaribu.

Bia, na kwa asiyetumia kileo

Bia inayotakiwa ni nyeusi au ya kahawia, yenye utamu wa kimea na uchungu kidogo tu. Hapo ndipo wengi huharibu. Uchungu wa bia hutoka kwenye hopsi, maua yanayotiwa bia inapotengenezwa, na mchuzi unapopungua motoni uchungu huo hauondoki, unazidi kukolea. Bia chungu ikipikwa saa tatu hutoa mchuzi unaokereketa koo. Wabelgiji hutumia bia za aina ya dubbel, kama ile ya watawa wa Westmalle karibu na Antwerp, au bia za kahawia zenye uchachu za Flanders kama Liefmans ya Oudenaarde na Rodenbach ya Roeselare. Hizi za uchachu napenda zaidi kwa kupikia, kwa sababu zinakuja na siki yao ndani. Utamaduni wa bia wa Ubelgiji uliingizwa na UNESCO mwaka 2016 katika orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika, na kupikia ni sehemu ya utamaduni huo.

Ukiwa Kongo, Turbo King, bia nyeusi ya huko, inafaa. Ukiwa mahali penye stauti chungu tu, tumia chupa moja badala ya mbili, jazia supu ya mifupa, na ongeza sukari kidogo. Bia nyepesi ya njano itaivisha nyama, ila mchuzi utakuwa mwembamba kwa ladha na rangi.

Kuhusu kileo, tusidanganyane. Husemwa kwamba chote huruka na mvuke. Kingi huruka, lakini kiasi kidogo hubaki hata baada ya saa mbili na nusu za kutokota. Kwa Mwislamu, au yeyote asiyetumia kileo, jibu ni kuiacha bia kabisa. Tumia supu ya mifupa ya ng'ombe mililita 600, kaanga vitunguu hadi viwe vyeusi zaidi kuliko nitakavyoeleza, ongeza tende tano zilizotolewa kokwa na kupondwa, na siki vijiko vitatu. Hautakuwa mchuzi uleule, kwa kuwa ladha ya kimea itakosekana, lakini utakuwa mtamu, mchachu na mzito, na hata huko Ubelgiji tende si ngeni chunguni. Mashariki mwa nchi, Liège, hupikia sirop de Liège, rojo jeusi la matofaa na mapeasi yaliyochemshwa hadi yakaganda, na kopo lake linalojulikana zaidi madukani lina tende pia.

Mahitaji ya nyama

- Nyama kilo 1, vipande vya sentimita 4
- Vitunguu maji vikubwa 4, kama nusu kilo
- Siagi gramu 40 na mafuta ya kula kijiko 1
- Bia nyeusi chupa 2 za mililita 330
- Slesi 2 za mkate
- Haradali ya kupaka, vijiko 2 vya chakula
- Majani 2 ya bei (yale makavu, magumu, ya kwenye pilau na biriani), thaimu kavu kijiko 1 cha chai, karafuu 2
- Sukari ya kahawia au sukari guru, kijiko 1 cha chakula
- Siki, vijiko 1 hadi 2 vya chakula
- Chumvi na pilipili manga

Sufuria iwe nzito, ya chuma, yenye mfuniko unaobana. Sufuria nyepesi ya alumini itaunguza chini kabla nyama haijaiva.

Hatua ya 1: ipake nyama rangi

Kausha vipande kwa kitambaa safi au karatasi ya jikoni, kisha nyunyiza chumvi na pilipili manga. Nyama mbichi yenye majimaji haikaangiki, inachemka. Weka siagi na mafuta kwenye sufuria. Siagi ikiacha kutoa povu, panga vipande kwa nafasi, kisha uviache. Usikoroge. Upande mmoja ukishika rangi ya kahawia iliyoiva ndipo ugeuze. Fanya kwa mafungu mawili au matatu, kwa sababu ukijaza sufuria kwa mara moja joto litashuka na maji yatatoka. Toa nyama, iweke kwenye bakuli pamoja na majimaji yake.

Hatua ya 2: vitunguu, bila haraka

Katika mafuta yaleyale weka vitunguu vilivyokatwa nusu mwezi, na chumvi kidogo ya kuvilainisha. Moto wa wastani, dakika ishirini. Vilainike kwanza, halafu vigeuke kuwa vya dhahabu, halafu kahawia. Ukoko ukianza kuungua chini, weka kijiko cha maji na ukwangue kwa mwiko. Rangi yote ya mchuzi inatoka hapa na kwenye bia.

Mkono wa mpishi wa kwetu hapa utataka kwenda kwenye nyanya. Uzuie. Hakuna nyanya, hakuna tangawizi, hakuna bizari, hata kitunguu saumu wengi hawaweki. Ukihisi chakula kinapwaya, ngoja hadi hatua ya mwisho.

Hatua ya 3: bia

Mwaga chupa ya kwanza polepole, maana itatoa povu jingi. Kwangua ukoko wote ulioshika chini uyeyukie kwenye bia. Rudisha nyama na majimaji yake, ongeza bia iliyobaki, majani ya bei, thaimu, karafuu na nusu ya sukari. Bia ifike karibu kuifunika nyama. Ikipungua, ongeza maji au supu kidogo.

Hatua ya 4: mkate wa haradali

Paka slesi haradali kwa wingi. Zilaze juu ya nyama, upande wa haradali ukitazama chini, kisha funika. Usizizamishe, usizikoroge. Mvuke utazilainisha, na baada ya saa moja hivi zitakuwa zimelegea kiasi cha kuyeyuka zenyewe ukipitisha mwiko. Mkate huu unafanya kazi ambayo wengine huifanyisha unga: unaufanya mchuzi uwe mzito, na unapeleka haradali ndani taratibu. Nyumba nyingine hutumia peperkoek, mkate mtamu wa viungo, badala ya mkate wa kawaida. Ukifanya hivyo acha sukari hadi utakapoonja. Mkate mweupe wa dukani unafaa, hasa uliolala.

Hatua ya 5: moto mdogo na subira

Saa mbili na nusu hadi tatu. Mchuzi usichemke kwa fujo. Mapovu madogo yapasuke hapa na pale. Kwenye jiko la mkaa, subiri makaa yavae majivu, punguza yabaki machache, na yafunike kwa majivu kiasi. Kwa wenye oveni, nyuzi 150, sufuria ikiwa imefunikwa. Mashavu huhitaji hata nusu saa zaidi.

Koroga baada ya saa moja, mkate ukishalegea, kisha kila baada ya nusu saa, kwa kuwa mchuzi wenye mkate hushika chini upesi.

Ukionja nyama baada ya saa moja na nusu utaikuta ngumu, pengine ngumu kuliko ulipoanza, na utashawishika kudhani umeuziwa ng'ombe mzee. Endelea. Kolajeni haijayeyuka bado. Nyama iko tayari pale uma unapoingia bila kusukumwa na kipande kinagawanyika bila kusambaratika. Sufuria ya presha itakufikisha hapo kwa dakika 45, na siku ya kazi sitamlaumu mtu, ila mchuzi hutoka mwepesi. Itabidi uuchemshe bila mfuniko dakika ishirini nyingine, na mkate uuweke wakati huo.

Hatua ya 6: siki ya mwisho

Ondoa mfuniko dakika thelathini za mwisho ili mchuzi upungue, hadi uweze kuufunika mgongo wa kijiko. Toa majani na karafuu. Sasa onja, na uonje kwa makini, kwa sababu hatua hii ndiyo inayotenganisha stoofvlees na mchuzi wowote wa nyama uliotiwa bia.

Unatafuta vitu vitatu vikae pamoja: uchungu wa bia, utamu na uchachu. Uchungu ukizidi, ongeza sukari iliyobaki. Mchuzi ukiwa mzito lakini umelala, hauna uhai, dawa yake ni siki: kijiko kimoja, koroga, subiri dakika mbili, onja tena. Chumvi huja mwisho kabisa, maana mchuzi umepungua na chumvi ya mwanzo imejikusanya. Wanaopika stoofvlees isiyo na mvuto mara nyingi wameogopa siki. Ikifika sawasawa hutaihisi kama siki. Utahisi tu kwamba unataka kijiko kingine.

Chipsi

Ugomvi wa nani alianza kukaanga viazi, Mbelgiji au Mfaransa, hauna mwisho na hausaidii karaini. Chukua viazi vya unga, si vya majimaji. Wabelgiji wamezoea Bintje, aina iliyozalishwa Uholanzi mwanzoni mwa karne ya 20. Kenya, Shangi zilizokomaa zitafanya kazi. Epuka viazi vichanga, na epuka vilivyokaa kwenye friji, kwa sababu baridi hugeuza wanga wake kuwa sukari na chipsi huwa nyeusi nje kabla ya kuiva ndani.

Viazi kilo moja na robo. Menya, kata mapande ya unene wa sentimita moja au zaidi kidogo, yasiwe membamba. Suuza haraka kuondoa wanga wa nje, kisha kausha kwa kitambaa hadi kitambaa kisilowe tena. Maji na mafuta ya moto ni maadui.

Mafuta ya jadi ni ya ng'ombe. Kuyatengeneza si kazi kubwa: nunua shahamu, hasa ile inayozunguka figo, ikate vipande vidogo, weka na maji kidogo kwenye moto mdogo hadi iyeyuke na maji yaishe, kisha chuja. Yakipoa yataganda meupe. Harufu na ukavu wa chipsi zilizokaangwa humo havipatikani kwenye mafuta ya alizeti. Hata hivyo mafuta ya alizeti au ya karanga yanafaa, na familia nyingi za Ubelgiji siku hizi zinatumia hayo.

Mkaango wa kwanza: mafuta yawe nyuzi 140 hadi 150. Kama huna kipima joto, tumbukiza kipande kimoja cha kiazi: kizungukwe na mapovu ya utulivu, bila kelele. Kaanga kwa mafungu, dakika sita hivi. Chipsi zilainike bila kushika rangi. Ukibonyeza moja kwa vidole ibonyee. Epua, zitandaze kwenye sinia, ziache angalau nusu saa. Mvuke unatoka na uso unakauka, na ukiruka mapumziko haya hakuna maana ya kukaanga mara mbili.

Mkaango wa pili, watu wakiwa wameshakaa mezani: nyuzi 180, dakika mbili hadi tatu. Safari hii kelele iwepo. Zikiwa za dhahabu na zinagongana kwa sauti kavu ukizitikisa kwenye chujio, zimwage kwenye bakuli lenye karatasi, tia chumvi, rusha mara mbili tatu, peleka mezani. Usizifunike, zitalegea.

Karai lisijazwe mafuta zaidi ya nusu. Mafuta yakishika moto, zima jiko na uyafunike kwa mfuniko. Usimwage maji kamwe.

Mayonezi

Ubelgiji huchukulia jambo hili kwa uzito: amri ya kifalme ya mwaka 1955 iliagiza kwamba kinachouzwa kwa jina la mayonezi kiwe na mafuta asilimia 80 au zaidi na kiini cha yai asilimia 7.5 au zaidi. Nyumbani: kiini 1 cha yai bichi la leo au jana, haradali kijiko 1 cha chai, siki kijiko 1 cha chai, chumvi. Vyote viwe na joto la chumba. Piga kwa mchapo, ukidondosha mafuta ya alizeti tone kwa tone mwanzoni, kisha kwa uzi mwembamba, hadi mililita 200. Yakikatika, yaani mafuta yakijitenga na yai, chukua kiini kingine kwenye bakuli safi na uanze kuyadondoshea yale yaliyokatika. Kwa mjamzito, mtoto mdogo au mgonjwa, nunua ya dukani.

Aliyekula Bujumbura, Kigali au Lubumbashi haoni ajabu ya mayonezi kwenye viazi. Ubelgiji iliitawala Kongo hadi 1960, Rwanda na Burundi hadi 1962. Watawala wakaondoka, friti (chipsi) zikabaki, na brosheti (mishikaki) pembeni. Pilipili ya Kikongo kando ya stoofvlees haimo kwenye mapishi ya Flanders, lakini wakazi wa Brussels wanajua pa kuinunua: Matongé, mtaa wa Ixelles.

Sahani

Nyama katikati, mchuzi wa kutosha, chipsi kando au kwenye bakuli lake ili zisilowe kabla ya wakati. Pembeni weka kitu kibichi cha kukata mafuta. Wabelgiji wangeweka witloof, zile chikori nyeupe zinazooteshwa gizani ili zisigeuke kijani, zimekatwa nyembamba pamoja na tofaa. Saladi ya kawaida yenye siki inatosha.

Nyama iliyobaki hukaa siku tatu kwenye friji. Ipashe moto kwa moto mdogo na maji vijiko viwili. Siku ya pili usirudie chipsi: ponda viazi vilivyochemshwa pamoja na karoti au liki, siagi na kungumanga iliyokunwa, ambacho Brussels wanakiita stoemp, na mimina nyama juu. Na mchuzi ukibaki peke yake bila kipande hata kimoja, usiumwage. Vibanda vya chipsi vya Ubelgiji huuza mchuzi wa stoofvlees, ukimwagiwa juu ya chipsi za moto.